Uwindaji wa kitalii na wanyama wetu: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Mwanza

Mwangaluka wadau. Mimi ni dereva wa watalii, napakia wageni hapa Mwanza, tunapiga lami ya Musoma kama kilomita 140 hivi mpaka geti la Ndabaka, tunaingia Serengeti. Kwenye gari naulizwa maswali haya, nikisimama Lamadi kunywa chai naulizwa, nikirudi Kirumba majirani nao wananiuliza. Sasa nimeona niyaandike yote sehemu moja, maana kujibu kipande kipande watu wanaondoka na nusu ya habari alafu wanagombana bure.

Hivi huu uwindaji wa kitalii ni nini, si ndo ujangili uleule ila wa wenye hela?

Hapana, kisheria ni vitu viwili tofauti. Jangili anaingia porini kwa kuiba, hana kibali, anaua chochote kilichonasa, awe mama mwenye mimba au ndama. Mwindaji wa kitalii ni mgeni aliyelipa, anawinda kwenye kitalu, yaani kipande cha pori ambacho kampuni imekipanga, anaongozana na mwindaji bingwa mwenye leseni, na askari wa wanyamapori anakuwepo kuangalia kinachopigwa. Kila kitalu kina idadi yake ya wanyama kwa msimu, ikiisha imeisha. Anachoondoka nacho ni nyara, yaani pembe, ngozi, fuvu, meno. Haya mambo yapo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na msimamizi ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ambayo ilianza kazi 2016.

Hiyo ni kwenye karatasi. Kama karatasi inafuatwa ndo swali la kuuliza, na tutafika huko.

Kwa hiyo Serengeti simba wanapigwa?

Ndani ya hifadhi ya taifa hapana kabisa. Serengeti ni hifadhi tangu 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na ndani yake huruhusiwi kuwinda hata kanga. Uwindaji unafanyika nje, kwenye mapori ya akiba, mapori tengefu na baadhi ya maeneo ya jumuiya za vijiji zile tunaita WMA. Kwa huku kwetu Maswa ndo pori la akiba la kuwinda, lipo kusini mwa Serengeti upande wa Simiyu. Shida ni kwamba simba hasomi kibao, leo yupo ndani ya hifadhi anapigwa picha na wageni wangu, kesho kavuka mpaka kafuata swala, huko akikutana na bunduki ni halali. Ndo maana mtu anasema "lakini yule alikuwa simba wa hifadhi", na mwingine anajibu "alipigwa nje", na wote wanasema kweli.

Mbona wanasema wanapiga simba mzee tu, mzee ana kosa gani?

Hapa naomba mtulie kidogo maana ndo pa muhimu kuliko pote.

Dume la simba likishika kundi linakaa nalo miaka michache, linazaa, linalinda watoto. Likifa kabla ya wakati wake madume mengine yanaingia, na kitu cha kwanza yanachofanya ni kuua watoto wote wadogo ili majike yapate joto haraka. Kwa hiyo ukipiga dume la miaka minne hujaua simba mmoja, umeua na watoto wake wote ambao hata hujawaona. Ndo maana Tanzania kuna kanuni ya simba wa miaka sita na kuendelea, ambaye ameshalea walau kizazi kimoja kikakua. Watafiti waliokaa Serengeti miaka mingi walionyesha tangu 2004 kwamba ukifuata umri, kuwinda simba kunaweza kuendelea bila kuwamaliza, ila usipofuata unawamaliza haraka sana.

Umri unaujuaje? Angalia pua. Simba kijana pua yake ni ya pinki safi kama ulimi, akikua inaanza kuingia madoa meusi, akifika miaka mitano sita nusu nzima au zaidi imeshakuwa nyeusi. Mi mwenyewe nawaonyesha wageni kwa darubini, tunakaa kwenye gari injini imezimwa tunahesabu weusi wa pua, na nakwambia ukweli simba akiwa amelala kwenye nyasi jua la saa saba unaweza kukaa dakika arobaini na bado huna uhakika. Sasa fikiria mtu aliyelipia safari ya siku 21, imebaki siku moja, simba mmoja tu ndo amejitokeza na pua yake ina utata. Hapo kanuni inategemea moyo wa mwindaji bingwa na yule askari aliyesimama pembeni yake.

Wavuvi hapa wanaelewa hili bila kufundishwa. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa sababu hajazaa. Kila mtu ziwani anajua kanuni ni nzuri, na kila mtu anajua usiku kuna nyavu haramu, makokoro na timba, zinazomaliza hadi vifaranga. Kanuni ya pua ya simba ni ileile ya sangara, ubora wake ni sawa na yule anayeisimamia.

Na wengine wanaosema "mzee angekufa tu" wana hoja kwa simba, maana hata Bob Junior, dume lililopendwa sana Serengeti, mwezi Machi 2023 liliuawa na simba wenzake vijana na hakuna bunduki iliyohusika. Ila msiihamishe hoja hiyo kwa tembo. Dume la tembo la miaka arobaini hamsini ndo kwanza lipo kwenye ubora wake wa kuzaa, majike yanalifuata lenyewe, na vijana wanajifunza adabu kwake. Ndo maana watu waliumia sana kuanzia Septemba 2023 madume yenye pembe kubwa ya kundi la Amboseli ya Kenya yalipopigwa upande wetu wa mpaka, kule Enduimet, baada ya karibu miaka thelathini bila kuguswa. Ilikuwa halali, wala sibishi. Lakini yale madume yaliyobaki yanahesabika kwa vidole na mi naona tulipoteza kitu ambacho hakuna ada inayokirudisha.

Hela zenyewe zinaenda wapi?

Kuna hela ya kitalu, ambacho tangu 2019 kinauzwa kwa mnada wa mtandaoni, kuna ada ya kila mnyama, vibali, siku za kukaa porini. Sehemu inaenda serikalini, sehemu inalipa askari na doria, halmashauri zinapata chao, na vijiji vya WMA vinapata mgao wao. Kuna mahali mgao umejenga madarasa na zahanati, hilo lipo na tusilikatae.

Lakini acha niwaambie la kwetu. Mama mdogo wangu analima karibu na Lamadi, ekari tatu, mahindi na mihogo, pembeni ana pamba kidogo. Mwaka juzi tembo walikuja usiku, saa nane, kama kumi na moja hivi na watoto wao. Nilikuwepo. Tembo wala hasikiki akitembea, unachosikia ni mahindi yanavunjika, kra, kra, kra, taratibu kama mtu anakula karanga, na harufu yao inakufikia kabla hujaona kitu. Tulipiga madebe mpaka mikono ikavimba. Asubuhi mihogo ilikuwa imeng'olewa na mizizi, na kwenye tope kuna nyayo kubwa kama sinia, maji yameshaanza kujaa ndani yake. Mama mdogo alikaa chini kwenye ukingo wa shamba akafunga kanga vizuri akakaa tu, hakulia.

Kwa kanuni za 2011 kuna kifuta jasho cha mazao na kifuta machozi mtu akifa au kuumia. Kanuni ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa. Kwa shamba ziliweka kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari kutegemea upo mbali kiasi gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano, na ukiwa ndani ya mita 500 ulikuwa hupati chochote. Yaani yule anayelala jirani kabisa na tembo ndo hakuwa na chake. Mama mdogo alijaza fomu, akapiga picha, akaenda ofisi moja akaambiwa aende nyingine, mtathmini akaja wiki tatu baadaye wakati shamba limeshaanza kuota majani upya, hela ikatoka baada ya zaidi ya mwaka na haikutosha hata mbegu na kibarua.

Kwa hiyo mtu akiniambia mnyama mmoja ameingiza dola maelfu kwa maelfu, mi namuuliza swali moja tu, yule mama aliyekaa ukingoni mwa shamba ameona shilingi ngapi?

Kenya walipiga marufuku 1977, mbona sisi tunaendelea?

Na sisi tuliwahi kufunga, 1973 mpaka 1978, tukafungua tena. Kenya hawakufungua. Watu wanaitumia Kenya kama mfano mzuri au mbaya kutegemea wanataka kushinda mjadala gani. Ukweli ni kwamba kwenye nyika za Kenya wanyama wengi wakubwa walipungua kwa wastani wa asilimia 68 hivi kati ya 1977 na 2016, na huko hakuna mtalii aliyekuwa anawinda. Walipungua kwa sababu ya fensi, mashamba, mifugo, ujangili, watu kuongezeka.

Alafu geuza upande wa pili. Selous ilikuwa ndo pori kubwa la uwindaji wa kitalii, vitalu kila kona, na tulikuwa tunaambiwa makampuni ndo walinzi. Tembo wa Selous na Mikumi walihesabiwa kama 39,000 mwaka 2009, wakahesabiwa tena 2013 wamebaki kama 13,000. Nchi nzima tulitoka 109,000 mwaka 2009 tukafika 43,000 mwaka 2014. Haikuwa wageni wenye leseni waliowaua, ni majangili wa meno, lakini wale walinzi waliosemwa walikuwa wapi? 2019 sehemu kubwa ya Selous ikageuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo kufunga peke yake hakujaokoa Kenya na kufungua peke yake hakujatuokoa sisi.

Sasa kama si mwindaji wa kitalii, nani anayewamaliza?

Waya. Hili wageni hawalitegemei kabisa. Waya unachomolewa kwenye matairi ya zamani yaliyochomwa moto, unafungwa tanzi, unategwa kwenye njia ya nyumbu au kwenye kichaka karibu na maji, na tanzi halichagui. Nimeshaona jike la simba lina waya shingoni umeingia ndani ya nyama, linatembea na watoto wake linahema kwa shida, tukapiga simu kwa askari wakaja na daktari. Wengi hawapati bahati hiyo. Na anayetega mara nyingi si tajiri wala nini, ni kijana wa kijiji cha jirani anatafuta kitoweo na hela ya kuuza nyama kavu.

Lingine ni ng'ombe. Sisi Wasukuma tunapenda ng'ombe, tumehama nao mpaka Katavi, Rukwa, Mbeya, Morogoro, mpaka Lindi, na tulipofika tumefyeka. Nasema hivi mi mwenyewe nikiwa Msukuma, tusinyooshee kidole mgeni peke yake. Kule Katavi imekuwepo hata ngoma ya simba, mtu akiua simba anavaa ngozi anazunguka nyumba kwa nyumba anacheza, anapewa mifugo na hela kwa kulinda mifugo ya watu. Zamani aliyeua simba alikuwa amepambana kweli, baadaye wengine wakaanza kumfuata simba mbali porini ili tu wapate ngozi za kuzungukia. Wazee wenyewe wakaja wakakaa wakaweka sheria za kimila kuzuia hiyo tabia. Ukienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa utaona uwindaji ulivyokuwa na heshima yake kwetu, kulikuwa na vyama vya wawindaji wa tembo na vya wawindaji wa nungunungu, una mafunzo yake, dawa zake, ngoma zake na miiko yake.

Yule Cecil ilikuwaje?

Zimbabwe, Julai 2015, simba wa miaka 13 aliyekuwa na kola ya watafiti wa Oxford, alivutwa akatoka nje ya hifadhi ya Hwange akapigwa mshale na Mmarekani aliyelipa kama dola 50,000. Dunia nzima ikalia. Mwaka huohuo Ufaransa wakazuia nyara za simba, Australia walikuwa wameshazuia miezi michache kabla. Wengi wa wageni wangu hadi leo habari yao ya uwindaji inaanzia hapo na kuishia hapo.

Wazungu wakizuia nyara kuingia kwao si ndo itaisha yenyewe?

Biashara inapungua kweli. Marekani walisimamisha nyara za tembo kutoka Tanzania Aprili 2014 na makampuni mengi yaliumia, vitalu vikarudishwa. Uingereza muswada wao ulipita bunge la chini Machi 2023 ukakwama kwenye bunge la juu, lile la mabwana. Lakini swali langu ni hili, kitalu kikirudishwa asubuhi yake kunatokea nini? Askari wa kampuni wameachishwa, gari la doria limeondoka, barabara imeota nyasi, ndani ya miezi michache kuna tanuru za mkaa na ng'ombe mia tano. Wanaopiga kura London hawaoni hiyo sehemu. Sisemi wasipige, bunge ni lao, ila wakishafunga mlango waulize na nani atalipa mshahara wa yule askari.

Si tuweke utalii wa picha kila mahali tumalize ubishi?

Ningefurahi kuliko mtu yeyote, ndo ugali wangu. Na inawezekana mahali pengine, cheki Grumeti na Ikorongo hapo juu yetu, ni mapori ya akiba ila miaka mingi sasa yanaendeshwa kwa picha tu na wanyama wamerudi kwa wingi mno. Lakini pale kuna tajiri wa Kimarekani aliyemwaga hela nyingi, na kuna nyumbu wa kuhama wanapita mlangoni. Sasa nenda mapori ya magharibi kule kwenye miombo, miti imekaribiana huoni mita hamsini, mbung'o wanauma mpaka juu ya nguo, mnyama mmoja kwa nusu siku. Mgeni wa picha akienda huko siku moja hatarudi. Mwindaji anakaa wiki tatu na analipa. 2019 Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Burigi-Chato, hapo ng'ambo ya ziwa, naipenda sana ile sehemu na napeleka watu nikipata, ila nawaambia ukweli hata wao magari bado ni ya kuhesabu.

Mbona mzungu anapiga mnyama anapiga na picha, mimi nikikutwa na kipande cha nyama nafungwa?

Hili naulizwa Lamadi kila mara, na anayeuliza huwa na uchungu wa kweli. Kukutwa na nyara ya serikali bila kibali ni kosa la uhujumu uchumi, watu wamepata miaka 20 kwa nyama ya nyumbu. Mimi naona adhabu hiyo kwa mtu wa kitoweo ni kubwa mno, jangili wa meno na baba mwenye sufuria ya nyumbu si mtu mmoja. Kuna hatua imepigwa, tangu kanuni za 2020 bucha za nyamapori zinaruhusiwa, unanunua na risiti yako unaondoka. Na Mtanzania anaweza kuomba leseni ya uwindaji wa wenyeji. Lakini leseni, bunduki, usafiri, yule kijana wa waya havipati, kwa hiyo mlango umefunguliwa kwa wenye gari.

Na mamba wa huku ziwani?

Wananchi wa Buchosa, Ukerewe na Sengerema wana haki ya kukasirika kuliko hata sisi wa Lamadi. Mama anachota maji, mtoto anaoga, mamba yupo. Mamba naye yumo kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa, ila hakuna mtalii anayekuja kupiga mamba mwalo wenu, kinachosaidia ni vizimba vya kuchotea maji na bomba kijijini. Mamba msumbufu toa taarifa TAWA wamvune.

Wewe upo upande gani sasa?

Mimi sipendi kuona simba anapigwa. Nimewajua baadhi kwa sura, nimeona watoto wao wakikua. Hata hivyo sitaki kitalu kifungwe leo kama kesho kinageuka mkaa. Ninachotaka ni mnada wa wazi, umri wa simba ukaguliwe na mtu ambaye halipwi na kampuni, madume makubwa ya tembo ya mpakani yaachwe, na hesabu ya kila msimu isomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa sauti, tumepata kiasi hiki, kimeenda hapa. Kitalu kisichoweza kufanya hivyo kifungwe, na kabla hakijafungwa ijulikane nani anakilinda.

Tembo wapo shambani kwangu usiku huu, nifanyeje?

Usitoke peke yako na usiwakaribie, hasa wakiwa na watoto. Usizibe njia waliyoingilia maana ndo watakayotokea. Tochi kali, madebe, vuvuzela, watu wengi wakiwa upande mmoja. Piga simu kwa askari wa wanyamapori wa wilaya na mwenyekiti wa kijiji saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Kukicha usiguse shamba kabla halijapigwa picha, na taarifa ifike kwa maandishi mapema iwezekanavyo, omba nakala iliyogongwa muhuri. Kwa msimu ujao, matofali ya pilipili kichaa na kinyesi cha ng'ombe yakichomwa upande upepo unakotokea yanasaidia, na mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya kuzunguka shamba inasaidia zaidi. Mama mdogo ameshaweka mizinga sita upande wa Ndabaka, wa saba unasubiri mbao.